Kupandisha kayaki juu ya gari peke yangu: kifaa tulichotengeneza hapa Goma

Vilivyokuwa vinanizuia kwenda ziwani ni vipimo vitatu. Kayaki yangu, mtumbwi mwembamba wa plastiki, ina kilo 24. Vyuma vya keria kwenye RAV4 yetu viko mita 1.75 kutoka ardhini. Kimo changu ni sentimita 158, na miaka 50 nimeshaipita. Kupiga kafi hakunisumbui. Naweza kukaa majini asubuhi nzima nikifuata ukingo wa Ziwa Kivu kuelekea Sake bila kuumwa mabega. Kilichonishinda ni kuitoa kayaki chini na kuifikisha juu ya gari. Kila nilipotaka kutoka ilibidi nitafute vijana wawili mtaani, niwasubiri, niwape cha chai, na jioni nitafute wengine wawili kule ufukweni. Wakikosekana, safari imekufa.

Naandika kwa sababu najua siko peke yangu. Kayaki nyingi zilizopo Goma zililetwa na wageni wa mashirika. Mkataba ukiisha, mwenyewe anaona heri aiuze kwa bei ndogo kuliko kuisafirisha, na anayebaki nayo ni mtu kama mimi, mwenye ziwa na chombo lakini asiye na mikono minne.

Mtu atauliza kwa nini nisiiache ufukweni. Wenye viwanja vya Himbi vinavyogusa maji wanaweza. Mimi nakaa Ndosho, na pale tunapoingilia ziwani hakuna mlinzi. Kuiburuta nako hakuwezekani, maana ardhi yetu ni lava. Ile ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ikaingia ziwani, na jiwe lake likivunjika lina makali. Plastiki ya kayaki, hata ikiwa nene, inachunika ikipitishwa juu yake. Chombo lazima kibebwe, au kipite juu ya kitu kinachozunguka.

Ulaya na Marekani vifaa vya kazi hii vipo. Kuna mikono ya chuma yenye shoki za gesi inayoshuka ubavuni mwa gari, unaweka kayaki usawa wa kiuno, kisha gesi inasaidia kuiinua. Ni kazi nzuri ya kihandisi. Lakini bei yake ni mamia ya dola kabla ya usafiri na ushuru, na shoki ikiishiwa gesi hapa sijui nitampelekea nani. Kuna pia rola zinazobandikwa kwenye kioo cha nyuma kwa vikombe vya mpira vinavyofyonza. Hivyo vinataka kioo kisafi kabisa, na anayelijua vumbi jeusi la Goma anajua kioo chetu hukaa kisafi kwa muda gani. Zaidi ya hayo, RAV4 ya zamani ina tairi la akiba mlangoni nyuma, na chuma cha nyuma cha keria kiko mbele sana ya ukingo wa paa. Kayaki ikielekezwa pale kutoka nyuma, inakwangua paa kabla ya kukifikia.

Nafundisha fizikia sekondari, kwa hiyo nilianza pale ninapoanza na wanafunzi: kupima. Nilifunga kamba puani mwa kayaki nikaining'iniza kwenye mizani ya ndoano, ile wanayopimia maharage sokoni, mkia ukiwa umekaa chini. Ikasoma kilo 12. Ni nusu kamili, kwa sababu uzito wa kayaki hii umegawanyika sawa pande zote mbili na nusu nyingine inabebwa na ardhi. Kilo 12 nazifikisha kifuani. Juu ya kichwa siziwezi. Na ukisema usogee nyuma kidogo ili mikono isipande sana, uzito unaongezeka: nikishika mita 1 kutoka puani, mkononi nina kilo 17.

Upande wa pili wa hesabu ndio ulionipa moyo. Tuseme kuna rola, mche unaozunguka, nyuma ya paa. Pua ikishapanda juu ya rola hiyo na kuanza kuingia, uzito unaobaki mkiani unapungua haraka. Ikiingia mita 1, mkiani kunabaki kilo 7. Ikiingia mita 1.5, hazifiki kilo 3. Katikati ya kayaki ikivuka rola, inajilaza yenyewe juu ya keria na mimi nasukuma tu. Niliichora hesabu hiyo ubaoni darasani, tukaihakikisha na wanafunzi kwa ubao wa mbao juu ya ukingo wa dawati. Kwa hiyo sehemu ngumu ni moja tu: kuitoa pua magotini na kuifikisha mita 1.75. Kwingine kote ardhi na gari vinabeba, mradi uviachie vibebe.

Nikaenda Birere kwa kijana anayechomelea vyuma, nikiwa na mchoro. Wazo la kwanza kumjia lilikuwa winchi.

"Mama Mwalimu, tuweke winchi ya mkono tu. Unazungusha, inapanda."

"Mwanangu, kamba nikiivuta kwa mkono, kayaki ikikwama naisikia. Winchi haitaniambia kitu mpaka kitu kivunjike."

Alikubali, na kuanzia hapo alifanya kazi kama kwamba kayaki ni yake.

Kifaa chenyewe kina sehemu tatu. Ya kwanza ni mabomba mawili ya mraba ya milimita 30 yaliyolazwa juu ya keria kufuata urefu wa gari, yakashikwa kwa bolti za U. Ndani yake yanateleza mabomba ya milimita 25. Nikiyavuta, yanatokeza nyuma kupita ukingo wa paa na tairi la akiba, na kwenye ncha yake ndipo rola inapokaa. Bomba la 30 lenye unene wa milimita 2 lina nafasi ya 26 ndani, kwa hiyo la 25 linaingia vizuri. Ila kuna jambo ambalo asiye fundi hawezi kulijua: bomba la mraba lina mshono wa kuchomelea unaopita ndani urefu wote, na mshono huo unazuia. Kijana aliulainisha kwa tupa ndefu mpaka bomba likateleza kwa kidole. Tuliamua pia tusipake rangi nene kwenye sehemu inayoteleza, bali grisi.

Sehemu ya pili ni ngazi isiyo na vipago, reli mbili tu zenye urefu wa mita 2 na kidogo, inayosimama kutoka ardhini hadi kwenye ncha ya yale mabomba na kufungwa kwa pini. Ngazi hii ina kazi mbili, na ile isiyoonekana ndiyo kubwa. Inayoonekana ni kuiongoza pua ipande bila kugusa mlango wa nyuma. Isiyoonekana ni kubeba. Ukiweka uzito wote wa kayaki kwenye chuma kilichotokeza nyuma bila mguu, unainyanyua keria kwa mbele na kuzitesa bolti zake. Ngazi inaupeleka uzito huo moja kwa moja ardhini. Juu ya reli tulivalisha bomba la plastiki la maji, kwa sababu plastiki juu ya plastiki inateleza na haichubui. Miguu yake ina matundu na pini za kurefusha na kufupisha, maana juu ya lava hakuna mahali pa kusimamisha miguu miwili usawa mmoja. Chini tulivisha vipande vya tairi.

Sehemu ya tatu ni kamba na makapi mawili, yale magurudumu madogo yenye mfereji wa kupitishia kamba. Kamba inafungwa kwenye chuma cha mbele cha keria, inarudi nyuma juu ya paa mpaka kwenye kapi lililonasa puani mwa kayaki, inarejea mbele kwenye kapi la pili, kisha inashuka ubavuni mwa gari hadi mkononi mwangu. Kwa mwinamo wa ngazi yetu, kuipandisha pua kunahitaji nguvu ya kama kilo 10. Makapi yanaigawa nusu, msuguano unarudisha kidogo, na ninachovuta ni kama kilo 7, tena nikivuta kwenda chini ambako mwili wangu wote unasaidia. Hapo kimo changu hakina tena la kusema. Chagua kamba ya poliesta iliyosukwa. Ya nailoni inavutika, na ukiifunga katikati ya kazi kayaki inarudi nyuma. Mimi nilihitaji mita 12.

Ikabaki mkia. Pua inapopanda, mkia unasogea kuelekea gari, na chini kuna yale mawe. Kwa hilo nilikwenda kwa mzee anayetengeneza chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma mizigo. Goma ni mji uliosimamisha sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara. Kutafuta magurudumu ya kuagiza kutoka nje kungekuwa dharau. Nilimweleza nataka kigari cha magurudumu mawili cha kukaa chini ya mkia.

"Kina uzito gani hicho chombo chako, Mama?"

"Kilo 24, Papa."

"Chukudu inashuka na magunia kutoka Kibumba. Hicho chako ni kitoto." Halafu akaacha kucheka, akanyoosha mkono. "Lete na huo mchoro wa rola niuone."

Aliutazama, akasema rola nyoofu itaiacha kayaki iende kombo. Akaichonga kutoka mti wa mkaratusi, nyembamba katikati na nene pembeni, ili tumbo la kayaki lijitafutie katikati lenyewe. Juu yake akavisha mpira wa tyubu ya pikipiki. Nilikuwa nimepanga beringi. Akaniambia kwa uzito huu na mwendo huu beringi ni pesa ya bure, na maji ya ziwa yataziua. Tukatia kipande cha bomba la plastiki kama bushi kuzunguka bolti, na grisi. Alikuwa na haki. Kigari alikifanya kwa magurudumu mawili madogo ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi, kama ya chukudu, na sasa ndicho kinachoipeleka kayaki kutoka garini hadi majini pia.

Kazi inakwenda hivi. Naegesha gari, natia breki ya mkono na mawe mawili nyuma ya magurudumu, kwa sababu ufukwe wetu umeinama kuelekea maji na jioni nyuma ya gari hutazama ziwa. Navuta mabomba, nasimamisha ngazi, natia pini. Naweka mkia wa kayaki kwenye kigari, nainua pua hadi magotini na kuiegemeza kwenye reli. Naenda ubavuni, navuta kamba. Pua inapanda, inavuka rola, inaingia kiasi cha mita 1. Nazungusha kamba mara mbili kwenye pembe ya chuma iliyochomelewa kwa ajili hiyo na kuifunga. Ndipo narudi nyuma, nainua mkia na kusukuma. Kushusha ni kinyume chake, na kamba inafanya kazi ya breki.

Kufunga kayaki kwa safari ni somo jingine, ila mambo machache siyaachi. Mikanda miwili juu ya tumbo, na kamba moja kutoka puani hadi kwenye ndoano ya mbele ya gari, nyingine mkiani. Mkanda mpana uzungushe mara moja kabla ya kuubana, vinginevyo upepo unautetemesha na kulia njia nzima. Jua likiwa kali usibane kupita kiasi, plastiki iliyopata joto inabonyea. Barabara zetu hulegeza kila kitu, kwa hiyo kila bolti ina nati mbili. Na chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu, ncha za mabomba zizibwe: moshi wa Nyiragongo, volkano yetu, unaitia mvua asidi, na wenye mabati upande wa magharibi wa mlima wanajua inavyokula chuma.

Gharama yote, vyuma, makapi, kamba, mkono wa fundi na wa mzee, haikufika dola 70. Kwa mshahara wa mwalimu si kidogo, nami nilinunua bomba moja moja kadiri nilivyopata. Lakini hakuna sehemu hata moja ambayo ikiharibika siwezi kuitengenezesha siku hiyo hiyo kwa mtu ninayeweza kumfikia kwa miguu. Hilo kwangu ndilo linalofanya kitu kiwe cha bei nafuu. Bei ya siku ya kununua ni mwanzo tu.

Furaha niliyonayo ni ya kuamka Jumamosi, kutazama anga, na kuondoka bila kumsubiri mtu.

Ukitaka kutengeneza chako, usinakili vipimo vyangu. Pima urefu kutoka ardhini hadi vyuma vya keria yako, pima umbali kutoka chuma cha nyuma hadi mwisho kabisa wa gari, na soma katika kitabu cha gari paa linaruhusiwa kubeba kilo ngapi, ukikumbuka kwamba keria na mabomba vimo ndani ya hesabu hiyo. Fundi sasa ana kazi ya Land Cruiser ya jirani yangu, mama mwenye kayaki ya watu wawili iliyo nzito kuliko yangu. Keria yake iko mita 1.95, kwa hiyo ngazi itafika mita 2.3, na kwa uzito ule tumekubaliana kuongeza kapi la tatu. Kamba itabidi iwe ndefu zaidi.