Ripoti ya mwisho wa mwaka imekuja kurasa nne, namba hakuna

Ijumaa shule ya kijana wangu ilituma ripoti ya mwisho wa mwaka kwa imeili, nikaifungua kwa basi nikitoka shifti ya usiku, kurasa nne, nikasoma zote nikitafuta kitu kimoja tu, amekuwa namba ngapi, na namba hakuna. Hakuna kati ya wangapi, hakuna nani alikuwa wa kwanza. Anapenda kusoma, anashirikiana na wenzake, amefika kiwango kinachotarajiwa. Huyu mtoto anamaliza primary! Nimekesha nikitunza wazee wa watu hapa Leicester, Uingereza, nikilala mchana kidogo kidogo ili asome vizuri, halafu naambiwa amefika kiwango. Nilikasirika.

Nikampigia mamangu Nakuru, ako Kaptembwo, nikamsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Akaniacha nimalize. "Mungu asifiwe. Sasa amekuwa namba ngapi?" Nikamwambia mum, huku hawapeani namba. "Hawapeani aje? Sasa wewe utajuaje kama anasoma ama anapita tu na wengine?"

Na mimi niko upande wake kabisa. Wale tulisoma 8-4-4, ule mfumo wa zamani wa Kenya, mnaijua siku ya kufunga shule. Mko paredi, jua limewaka, mwalimu mkuu ameshika karatasi anasoma darasa baada ya darasa, namba tatu, namba mbili, namba moja, mtoto anatoka mbio anapewa sahani na madaftari na mamake anapiga vigelegele kutoka huko nyuma kwa ua. Tulikuwa zaidi ya sitini darasani na kila mtu alijua amesimama wapi, na kabla ufike nyumbani jirani ashajua. Iliuma, sana, lakini mzazi aliingia Krismasi akiwa na ukweli mkononi na Januari alijua aanzie wapi. Najua siku hizi ni CBC, mtaala mpya, ni herufi za kiwango, EE ya juu, ME, AE, mpaka BE ya chini, na ule mtihani wa darasa la nane, KCPE, wa mwisho ulifanywa 2023, lakini niambieni ni mzazi gani Nakuru hamvuti mwalimu kando amuulize mtoto ni wa ngapi.

Mtihani huku uko, unaitwa SATs, wanafanya mwezi wa tano wakiwa Year 6, darasa la mwisho la primary. Maksi zinageuzwa kuwa alama za kuanzia 80 mpaka 120, na ukipata 100 umefika kiwango. Wangu alipata 109 ya hesabu na 103 ya kusoma. Sasa hiyo 103, darasani wangapi wako juu yake? Hakuna anayekuambia mpaka uulize, na hata ukiuliza mwalimu anakuzungusha kwa upole. Mzazi mgeni ambaye hajazoea anasoma maneno matamu anaenda kulala, kumbe mtoto anabaki nyuma. Kama una mtoto huku, omba kuonana na mwalimu, uliza wazi wazi, yuko juu ya wenzake ama chini, na kwa somo gani. Wanajibu ukikaza.

Lakini haki ni haki, na hii pia nitaisema. Tangu tufike hakuna mtu wa shule amewahi kunizuilia ripoti kwa sababu ya pesa. Mimi nikiwa darasa la tano nilifunga shule nikaenda nyumbani mikono mitupu kwa ajili ya balansi ya pesa ya mtihani, na hiyo ni elimu ilikuwa imeshatangazwa bure tangu 2003. Tuliitwa majina tukasimama kando, wenzetu wakapewa zao. Mamangu aliuza kuku wawili ndio nikajua namba yangu. Huyu wangu ripoti imemfuata mpaka kwa simu ya mamake, bila kuulizwa hata ndururu.

Na kuna mahali kwa ukurasa wa tatu nilisoma nikapitisha stage yangu ya kushuka. Mwalimu ameandika kwamba tangu mwezi wa pili kijana amekuwa akikaa na mtoto mgeni aliyekuja bila Kiingereza hata kidogo, anamweleza kazi ya darasani, na wakati wa lunchi anasimama naye kwa foleni anamwambia kila chakula ni nini kabla achague. Nilikuwa sijui. Hajawahi kusema nyumbani. Nilipomuuliza akaniambia mtoto ametoka Bukavu, Kongo, Kiswahili chao ni tofauti kidogo lakini wanasikizana, na kwamba siku ya kwanza alikaa na kiu mchana wote. "Hakuwa anajua kuitisha maji, mum." Hapo nililia. Kiswahili chenyewe nimekipigania kwa hii nyumba, watu wakiniambia nitamchanganya mtoto, aongee Kiingereza tu. Mwalimu wa watu, ana watoto thelathini, ameliona hilo na akaona linafaa kuandikwa. Kwa ripoti zetu ulikuwa unapewa mstari mmoja, jaribu zaidi, basi. Mamangu nilipofika hapo aliniambia rudia, nikarudia, akasema huyo ametoka kwa babu yake, na bado akauliza namba.

Siku ya mwisho wametoka na mashati yameandikwa majina na makapeni mbele na nyuma. Nyumbani hilo shati lina mdogo wako anayelingojea.

Sasa kwa wale mnaotaka kuja na watoto. Msifikirie mtachomoka wiki moja kabla shule ifungwe ili mpate tikiti ya bei nafuu ya kurudi Kenya. Tikiti zinapanda vibaya mwisho wa Julai na kila mtu anajua kwa nini, lakini ukimtoa mtoto siku tano bila ruhusa faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, na ukichelewa kulipa zaidi ya siku 21 inakuwa 160. Mko wawili na watoto wawili, piga hesabu kwa shilingi. Naona ni uonevu kwa sisi tuliotoka mbali, wazazi wetu wanazeeka na hatuwezi kuchagua wiki.

Tena kuna ajenti bado wanazunguka hapo Nakuru wakiuza viza za kutunza wazee, eti utaenda na familia. Kuleta familia kwa hiyo kazi kulifungwa Machi 2024, na Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri watunzaji wapya kutoka nje. Usiuze shamba.

Na kama uko huku tayari na mtoto anaingia Year 6 Septemba, fomu ya sekondari unaijaza mwenyewe kwa tovuti ya kaunsili kabla ya tarehe 31 Oktoba, majibu ni tarehe 1 Machi, SATs hata hazijafanywa. Shule nyingi zinaangalia unaishi wapi, kwa hivyo kabla uhame nyumba angalia kwanza shule za hapo. Kama fomu inakusumbua njoo inbox, nitakuelekeza nikiwa ofu Jumatano.