Iliwapasa Kunisikiliza

Tafakari ya wiki: Matendo ya Mitume 27:9–44

Tukihubiri juu ya dhoruba, wengi wetu hukimbilia Marko 4, pale Bwana alipoikemea bahari ikatulia. Habari ile ni tamu, sina ugomvi nayo. Ila kwa wanaorusha ndege ndogo, sura yao ni Matendo 27. Dhoruba ya humo haikukemewa. Ilikuwa ya kukwepwa, mtu mmoja akasema mapema, asisikilizwe.

Mume wangu ni rubani wa ndege ya injini moja. Mimi si rubani. Hukaa kiti cha kulia nikishika tableti yenye ramani ya hali ya hewa. Waumini wenzangu huniuliza kama huwa naomba tukiwa huko juu. Naomba, na nikisema amina naangalia tena ramani.

Wingu la radi lililokomaa huweza kupita futi 40,000 kwenda juu. Ndege kama Cessna 172 mwisho wake ni futi 14,000 hivi, kwa hiyo kuliruka haiwezekani. Ukipita chini yake, hewa inayoporomoka inaweza kukubamiza ardhini, na mvua ya mawe huweza kurushwa mbali kabisa na wingu lenyewe. Ndiyo maana marubani hufundishwa kukaa mbali na dhoruba kali angalau maili 20 za baharini, yaani kilomita 37 hivi. Unazunguka. Hata ndege kubwa za abiria huzunguka, na sijasikia mtu akimwambia rubani wao kwamba amepungukiwa imani.

Ramani yenyewe nayo ina mtego. Mwaka 2012 NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, iliwaonya marubani kwamba picha ya mvua inayoonekana ndani ya ndege inaweza kuwa ya zamani kwa dakika 15 hadi 20 kuliko inavyojitaja. Pengo unaloliona kwenye kioo kati ya madoa mawili mekundu huenda huko nje limeshajifunga.

Pengo la namna hiyo tulilikuta safari moja. Kwenye tableti lilikuwa pana, safi. Lakini upande wangu, dirishani, niliona wingu ambalo kingo zake zilikuwa kali na kilele chake bado kinaumuka, nalo lilikuwa linasogea kuelekea palepale tulipokuwa tunakwenda. Mume wangu alikuwa ameshaipima njia: dakika chache tu, kisha anga jeupe. Nikamwambia, "Baba watoto, pale sipataki."

Hakuniuliza sababu. Alitazama nilikoonyesha kidole, akaangalia geji ya mafuta, akamwita mwongoza ndege kuomba kugeuka kulia. Tulitua uwanja mwingine tukasubiri hadi jioni. Mpaka leo sijui kama pengo lile lingetupitisha. Pengine lingetupitisha vizuri tu.

Hakuniuliza kwa sababu tulishakubaliana chini, injini ikiwa imezimwa: mmoja akisema hapana, tunageuka, na maelezo tutapeana tukishatua. Patano hili haliwezi kufanywa angani. Mtu mwenye ujuzi, mwenye mamlaka ya usukani, tena aliyeahidi kufika mahali, masikio yake huziba bila yeye kujua. Marubani wenyewe watakuambia kwamba haraka ya kufika imeua wengi wao.

Akida Yulio, ofisa wa Kirumi aliyekuwa akimpeleka Paulo Rumi, hakuwa mjinga. Alikuwa na nahodha, alikuwa na mwenye merikebu, na walio wengi walitaka kuondoka, kwa kuwa Bandari Nzuri haikufaa kukaa wakati wa baridi. Upande wa pili alikuwa mfungwa mmoja, Paulo, aliyewaonya wasiondoke. Lakini mfungwa huyo alikwisha kuwaandikia Wakorintho kwamba amevunjikiwa jahazi mara tatu. Bahari aliijua kwa mwili wake. Kisha upepo wa kusini ukaanza kuvuma taratibu, wakadhani wamepata walichokitaka, wakang'oa nanga.

Upepo ule ndio unaonisumbua. Sisi watu wa kanisa ni wepesi sana wa kusema "mlango umefunguka". Jambo likilainika kidogo tunashukuru na kuondoka, na anayesita tunamwambia aongeze maombi. Wakati mwingine upepo wa kusini ni upepo tu.

Sisemi kwamba mke, au mume, huwa sahihi kila anaposema hapana. Mungu alimwambia Ibrahimu asikilize sauti ya Sara, na Sara huyohuyo ndiye aliyekuwa ametoa shauri la Ibrahimu kuzaa na mjakazi wake Hajiri, lililoleta ugomvi nyumbani. Pilato naye aliletewa onyo na mkewe akiwa amekaa katika kiti cha hukumu, akalipita. Ninachosema ni kwamba sauti ya aliye kando yako ipimwe kabla upepo mzuri haujapimwa.

Na aliyekuwa sahihi, asiposikilizwa, afanyeje? Kwa wenye ndoa, hapa ndipo pagumu kuliko pote. Paulo aliposimama katikati yao, wamechoka na hawajala siku nyingi, alisema waziwazi: iliwapasa kunisikiliza. Akalisema mara moja. Papo hapo akawatia moyo, kwamba hakuna hata mmoja atakayepotea ila merikebu. Baadaye akawasihi wale chakula, akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele yao wote, akamega, akaanza kula.

Yulio naye alibadilika. Mabaharia walipotaka kutoroka kwa mashua, Paulo alisema neno moja na askari wakazikata kamba. Askari walipotaka kuwaua wafungwa, akida aliwazuia kwa ajili yake. Watu 276 walifika pwani, wengine juu ya mbao. Ngano walikwisha kuitupa baharini, na merikebu ilivunjika palepale.

Someni sura yote wiki hii, na walio na wenzi waisome kwa sauti, kila mmoja kwa zamu.