Ghala za mvua ya mawe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni Ayubu 38:22-23, pale Mungu anapomuuliza Ayubu kama amewahi kuingia kwenye ghala za mvua ya mawe. Nimelichagua kwa sababu ya maneno yanayosikika huku Urambo kila mawe yanaposhuka wakati tumbaku imeshatanua majani. Mawe hupiga kwa mkanda mwembamba. Shamba la huyu majani yamechanika, imebaki mishipa mitupu; ng'ambo ya njia, la jirani yake halijaguswa. Jioni hiyohiyo yanaanza: "Yule kuna kitu amefanya." Wengine wanataja waganga. Sisi tuliookoka tunasema hatoi zaka.

Haya, tuingie ghalani, kwa kadiri tulivyojaliwa kuona.

Juu kwenye wingu la radi kuna matone yaliyopoa chini ya nyuzi 0 na bado ni maji. Mengine hukaribia nyuzi 40 chini ya sifuri bila kuganda. Tone kama hilo likigusa punje ya barafu, linaganda juu yake na punje inanenepa. Ajabu ni kwamba maji yanapoganda hutoa joto, tena si haba: joto la gramu moja inayoganda lingetosha kupasha gramu nyingine ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Kwa hiyo jiwe linalokua huwa na joto kuliko hewa inayolizunguka, na lisipolitoa joto hilo haliwezi kugandisha maji mapya. Hulipoteza kwenye hewa baridi inayolipita kwa kasi, na kwa unyevu unaovukizwa kutoka juu yake. Mwaka 1938 mtaalamu wa hali ya hewa wa Afrika Kusini, T.E.W. Schumann, aliyaweka mambo haya kwenye hesabu.

Matone yakija kwa uchache, kila moja huganda papo hapo, hewa inanaswa ndani, na barafu inakuwa nyeupe. Yakija mengi kuliko joto linavyoweza kutoka, jiwe linabaki limelowa kwenye nyuzi 0. Maji yanaganda polepole, barafu inakuwa angavu, na yanayozidi hunywewa ndani ya jiwe au kurushwa pembeni. Ukiwahi kuokota jiwe kubwa ukalipasua kabla halijayeyuka, utaona tabaka kama za kitunguu, nyeupe kisha angavu. Upepo unaopanda hulibeba mpaka uzito wake uushinde, au upepo wenyewe ulegee. Linaangukia palepale lilipofikia.

Nimetafuta humo mahali panapoandikwa zaka ya mtu. Sijapaona.

Najua atakayenijibu: mstari wa 23 unasema mawe hayo yamewekwa akiba kwa siku ya vita, na Misri ilipigwa kweli. Ni sawa. Lakini someni Kutoka 9 vizuri. Musa alitumwa kusema siku moja kabla, akataja na saa, na watumishi wa Farao waliolicha neno wakaingiza watu na mifugo yao ndani. Mungu alipohukumu kwa mawe, alitangaza mwenyewe. Nani kati yetu alitumwa kwa yule jirani siku moja kabla? Hatukutumwa, tumesubiri mawe yapite ndipo tukawa manabii.

Kazi hiyo waliifanya Elifazi, Bildadi na Sofari, rafiki zake Ayubu waliosema ameteseka kwa dhambi zake, na mwishoni Mungu aliwakasirikia wao. Yesu naye aliikataa hesabu hiyo kwa wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu (Luka 13:4). Mungu alipomjibu Ayubu alimwonyesha ghala, nyota, na mbuni asiyejali mayai yake. Kosa lililowaua watoto wa Ayubu hakulitaja, kwa sababu halikuwepo.

Tumbaku ikishachanika haipati daraja zuri sokoni, na deni la mbolea kwenye chama cha ushirika linamsubiri mkulima palepale. Ayubu 42:11 inasema ndugu zake na waliomjua walikwenda nyumbani kwake, wakala naye, kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Pete hatuna. Alhamisi hii, badala ya maombi ya nyumba kwa nyumba, twende kwa mwenzetu aliyepigwa tukavune majani yaliyonusurika kabla hayajaoza. Kuni za bani, lile banda la kukaushia tumbaku, anazo. Akina mama wameomba kila mtu aje na unga wake.