Mavuno ya Zabibu Chini ya Mlima Tomorr

Baba yangu analima zabibu Hombolo, nje kidogo ya Dodoma mjini, tangu kabla sijaanza shule. Pamoja na hayo, nilifika chuo kikuu sijawahi kuona mvinyo ukitengenezwa. Kwetu zabibu zilikuwa kilo. Tulizikata alfajiri, tukazipanga kwenye makreti, tukakaa kando ya barabara kumsubiri mnunuzi huku jua likizipunguza uzito. Lori lisipotokea, siku hiyo hakuna aliyethubutu kumsemesha Baba. Mvinyo wenyewe tuliuona kwa padre altareni, au dukani mjini, ukiwa umeshakuwa mali ya watu wengine.

Kwa hiyo rafiki yangu Mualbania, tuliyesoma naye Bari kule Italia, aliponialika kwao wakati wa mavuno, sikuhitaji kubembelezwa. Meli inaondoka Bari usiku, asubuhi mko Durrës. Kutoka hapo tulibanana kwenye kibasi mpaka Berat, mji wa nyumba nyeupe zilizopandana mlimani juu ya mto Osum, madirisha yake yote yakikutazama. Watalii huja kwa ajili ya hayo. Sisi tulipita tu, tukaelekea kijijini, upande wa mlima Tomorr.

Mzee, baba yake rafiki yangu, alitupokea uani chini ya kichanja cha mizabibu kilichofunika ua mzima. Sijakaa sawasawa, kikombe kidogo cha raki, pombe yao kali ya zabibu, kikawa mbele yangu, na ilikuwa bado asubuhi. (Familia ile ni ya Kibektashi, tarika ya Kisufi ya Kiislamu, na juu ya Tomorr huohuo kuna mahali pao patakatifu, ziara ya Abbas Ali, ambako wanapanda kwa maelfu kila Agosti. Ndugu zangu wa Zanzibar wataniuliza imekuwaje. Mimi nasema nilichokiona mezani.) Akauliza natoka wapi. Kusikia Tanzania, akapiga paja.

"Sisi na nyinyi ndio tuliowaingiza Wachina Umoja wa Mataifa!"

Ilikuwa kweli. Azimio lililoipa Beijing kiti Oktoba 1971 lilipelekwa na Albania na nchi wenzake, sisi tukiwemo, na balozi wetu New York wakati huo alikuwa Salim Ahmed Salim. Mimi nilijiandaa kuulizwa habari za simba.

Shamba lilikuwa mteremkoni nyuma ya nyumba. Sehemu kubwa ilikuwa Shesh i Zi, zabibu nyeusi inayolimwa sana Albania ya kati, na mistari michache ya Pulës, nyeupe, ambayo asili yake ni hapohapo Berat. Makreti yalikuwa yaleyale ya plastiki kama ya kwetu, na mgongo uliniuma palepale unaponiumaga Hombolo. Tukikata, Mzee alisimulia. Enzi za Enver Hoxha, mtawala wao wa kikomunisti, ardhi yote ilikuwa ya kooperativa, yaani shamba la ushirika. Alikata zabibu hizohizo kwa kuhesabiwa siku za kazi, na mizabibu aliyoweza kuiita yake ni ile ya kichanja cha uani. Mwaka 1991 ikaja sheria namba 7501, ardhi ikagawiwa kwa familia, na katika vurugu za miaka ile wengi waliing'oa mizabibu ya kooperativa wakaifanya kuni. Yeye alikata vipandikizi kwenye kichanja chake, akaanza upya. Nikamweleza habari za vijiji vya ujamaa. Alisikiliza kwa makini sana, kisha akauliza kama na sisi tulichoma mizabibu.

Mchana tukashuka ghalani. Zabibu nyeusi zilipitishwa kwenye mashine ya kuponda inayozungushwa kwa mkono, na kila kitu kikaenda kwenye pipa: maji, maganda na mbegu. Nyeupe inakamuliwa maganda yakatupwa kando mapema, lakini nyekundu rangi yake na ukali wake vimo kwenye ganda, basi inaachwa humohumo ichache. Maganda hupanda juu, na asubuhi na jioni mtu huyashindilia chini kwa mti, la sivyo yanageuka siki. Pembeni kulikuwa na pipa la wiki iliyotangulia. Mzee alinishika bega, akanisogeza sikio: ndani mlikuwa mkivuma kama mvua ya mbali juu ya bati. Kisha akawasha mshumaa, akaushusha taratibu ndani ya pipa, ukazimika. Hewa inayotoka zabibu zikichacha haina harufu, akasema, na imeua watu waliojua kazi. Mlango wa ghala haufungwi mpaka pipa linyamaze.

Makapi nayo hayatupwi. Yanafungiwa wiki kadhaa, kisha yanachemshwa kwenye mtungi wa shaba, mfuniko ukizibwa kwa unga uliokandwa, na kinachodondoka ndicho raki ya asubuhi ile.

Mvinyo wa mwaka uliopita, niseme ukweli, ulinikausha ulimi. Mimi nimezoea ule mtamu wa Dodoma. Kufikia glasi ya pili nilikuwa nimeelewa kwa nini jibini lao lina chumvi kiasi kile. Nikauliza lita wanauza bei gani. Rafiki yangu akasita kutafsiri. Viwanda vipo, kama Çobo pale Ura Vajgurore, na chupa zao zinauzwa. Huu ulikuwa wa nyumbani, wa wageni na harusi.

Nikampigia Baba kwa video. Wazee wawili wakatazamana, Kigogo kidogo, Kiswahili, Kiitalia, Kialbania. Baba akauliza kama shamba ni lake mwenyewe. Mzee akatikisa kichwa kushoto na kulia, ambavyo kwao ni kukubali.

"Basi ni la nani?" Baba akashtuka.

Tulipomaliza kucheka, akauliza wanavuna mara ngapi. Mara moja, kwa sababu baridi ikishuka kutoka Tomorr mzabibu unapukutisha majani na kulala hadi machipuko. Baba alinyamaza. "Mpe pole," akaniambia. Mzee naye, kusikia Dodoma wanapogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka, akauliza kama mizabibu haichoki.

"Mwambie tunaochoka ni sisi."

Wakaendelea na mambo ya kupogoa mpaka bando langu likaisha.