Mazoezi ya nini sasa?

Imepita Jumamosi, ikapita Jumapili, leo Jumatano na bado jambo hili linanikereketa. Naliandika hapa, labda litatoka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Nafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini sasa?"

Hayo ndiyo mazungumzo yote, na nimeshayarudia kazini, kwenye foleni ya benki na mbele ya kioo wembe ukiwa shavuni. Nilikuwa kwenye baiskeli, nimeshapanda kutoka Mikindani, narudi Mtwara mjini, kusi, upepo wetu wa miezi hii, inanipiga usoni. Aliyeniuliza ni mtoto wa darasa la sita au la saba, juu ya Phoenix ya mtu mzima, anakanyaga kwa kusimama kwa sababu akikaa kwenye siti miguu haifiki chini. Nyuma kwenye keria kafunga dumu la lita 20 kwa ukanda wa tyubu. Kilo 20 za maji, gia moja, kandambili. Akaja, akaamkia, akauliza, akapita.

Tuanze na hilo la babu. Mama watoto kanitetea: asubuhi ile ndevu zilikuwa na salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, basi mtoto kaona mvi. Nimeshukuru ila sikubali. Salfa ni ya njano, mvi ni nyeupe, na mtoto aliyekulia katikati ya mikorosho anaijua salfa kabla hajaijua a, e, i, o, u.

Hata hivyo, kwa mgeni anayepanga kuendesha huku kwetu Juni hadi Agosti, salfa si ya kupuuza. Inapulizwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu ambao hushambulia maua na majani machanga ya mkorosho miezi hii ya kipupwe. Wanapuliza alfajiri, upepo ukiwa bado umelala na umande uko kwenye majani, ili unga ushike. Na alfajiri ndiyo saa yetu pia, kwa sababu ileile ya upepo. Ukiona wingu la njano linatambaa kati ya miti, usilikimbilie kwa nguvu, maana ukihema sana ndivyo unavyolivuta. Punguza mwendo, funika pua na mdomo kwa kitambaa chenye unyevu, miwani isivuliwe hata kama bado kuna giza. Tafuta yenye kioo cheupe. Ikiingia jichoni usisugue. Mwagia maji matupu ya chupa, mengi, yatiririke kutoka upande wa pua kwenda nje. Kwa hiyo chupa moja iwe ya maji matupu, usitie sukari zote mbili.

"Imeharibika?" ndilo swali la haki kuliko yote. Mtu kavaa kofia ngumu, kainamia usukani uliopinda kama pembe za kondoo, baiskeli ina gia 20, halafu anatembea kilomita 17 kwa saa. Mimi mwenyewe ningeuliza.

Ndugu wasomaji mnajua nilivyoeleza huko nyuma kwamba miezi hii ni ya kujenga msingi, yaani safari ndefu za polepole. Mwendo wa msingi haupimwi kwa kilomita, unapimwa kwa moyo. Mapigo yangu ya juu kabisa ni 174, basi nakaa kati ya 113 na 130, yaani asilimia 65 hadi 75. Usikokotoe mapigo yako ya juu kwa kutoa umri kwenye 220. Hesabu ile inaweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini. Panda kilima kirefu kwa nguvu zote ukiwa umeshapasha mwili, upime pale juu. Ila kama una presha au kifua kinakubana, muone daktari kwanza. Asiye na kifaa ashike shingo, ahesabu sekunde 15, azidishe kwa nne. Na asiyetaka hesabu kabisa, apime kwa kusema. Mimi huzitaja wilaya za mkoa kwa sauti, kwa pumzi moja: Mtwara, Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu. Nikikatika kabla ya Nanyumbu, nimezidisha.

Ndiyo maana inaniuma zaidi. Pumzi ya kumjibu yule mtoto nilikuwa nayo tele, mwendo ule shabaha yake ni hiyo. Jibu ndilo halikuwepo.

Ningemwambia nini? Kwamba mwendo wa polepole wa saa mbili au tatu unaongeza vishipa vidogo vya damu ndani ya misuli na kuuzoesha mwili kuchoma mafuta badala ya kumaliza sukari mapema? Angefika nyumbani kabla sijamaliza sentensi. Ningesema ni ya kwenda Lindi na kurudi siku moja mwezi wa tisa? Angesema si kuna basi. Ningesema ni ya presha? Pale ningekuwa babu kwelikweli.

Na upepo sikuweza kumweleza. Kusi inatoka kusini-mashariki. Ukitoka Mtwara kwenda Mikindani na kuendelea kuelekea Mingoyo, kwa sehemu kubwa unasukumwa mgongoni, unajiona bingwa, kisha unarudi unalipa. Ukiwa kilomita 25 kwa saa siku tulivu, mwili unapambana na hewa ya kilomita 25. Ukiwa na mwendo uleule dhidi ya upepo wa kilomita 20, unapambana na hewa ya 45, na ukinzani wa hewa hupanda kwa mraba: 625 kwa 2,025, zaidi ya mara tatu. Anayeng'ang'ania 25 yake anaua mazoezi ya siku na ya kesho yake. Shusha gia, weka miguu kwenye mizunguko 85 hadi 90 kwa dakika, kunja viwiko, shika sehemu ya chini ya usukani, acha namba ya mwendo ianguke popote itakapoanguka. Kumi na saba ilikuwa namba sahihi kabisa. Mtoto alikuwa anakimbiza maji nyumbani kabla ya shule, hilo ni zoezi jingine.

Wanaoanza mara nyingi huambiwa waanze safari kwa kuukabili upepo ili urudi nao. Kwa mji wetu ushauri huo ni mgumu, maana mashariki ni bahari na barabara za upande wa Msimbati si za tairi nyembamba. Badala yake kuna lami ya kutoka Mtwara kupitia Naliendele hadi Mnivata, kilomita 50, inayokwenda upande wa kusini-magharibi. Huko upepo unakuja ubavuni: kushoto ukienda, kulia ukirudi. Haukuchoshi kama ule wa usoni, ila una hila yake. Lori likikupita kutoka upande wa upepo linakukinga sekunde mbili, halafu upepo unakurudia wote kwa mkupuo. Kuna siku unasogezwa hatua nzima. Shika usukani kwa kulegeza viganja, usiukabe, na usiendeshe ukingoni kabisa mwa lami, jiachie nafasi ya kuyumba pande zote mbili. Jua linachomoza baada ya saa 12 na nusu mwezi wa saba, kwa hiyo anayetoka saa 11 awe na taa nyekundu nyuma, ya kuwaka mfululizo. Inayopepesa inavuta jicho la dereva lakini inampa shida kukadiria umbali.

Wiki hii mkuu wetu wa kazi kahamishiwa Songea, binti kamaliza mtihani wa moko, na mahari ya mdogo wangu imepokelewa Jumapili kwa amani. Nilikaa kwenye mkeka na wazee wenzangu (wenzangu!), hotuba zinatolewa, mimi nawaza mazoezi ya nini.

Jana usiku nikisafisha cheni ndipo nilipomkumbuka vizuri. Nilimsikia kabla sijamwona. Cheni yake ilikuwa inalia kila mzunguko, ule mlio mkavu wa chuma kisichoona mafuta tangu msimu uliopita wa korosho.

Huku pwani cheni ina maadui wawili. Hewa ya chumvi inaleta kutu hata kwa baiskeli iliyolala ndani, na mchanga mwembamba unafanya kazi ya tupa. Wenzetu wa Ulaya, wenye baridi yao kuanzia Novemba, wanapigana na chumvi pia, ila yao inamwagwa barabarani makusudi kuyeyusha barafu. Ndiyo maana wengi wao miezi hiyo huifunga baiskeli sebuleni, tairi la nyuma likizungusha roli, wanakanyaga wakitazama ukuta. Sisi Novemba ni joto na mvua zinakaribia, kwa hiyo mipango yao ya miezi 12 igeuze kichwa chini kabla hujaifuata. Ila somo la cheni ni moja.

Usipake grisi kwa nje. Mafundi wengi wa vijiweni wanapaka, inang'aa, mteja anafurahi, na baada ya safari moja ya vumbi umeshapata msasa unaojizungusha wenyewe. Futa cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka kitambaa kitoke kisafi, acha ikauke kabisa, usiku mzima ikiwezekana, maana mafuta ya taa yaliyobaki ndani yanayayeyusha yale unayotia. Kisha tone moja kwenye kila kipingili, kwa upande wa ndani wa cheni, huku ukizungusha pedali kinyumenyume. Mafuta mapya ya injini yanafaa ukikosa ya baiskeli. Yaliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki usiyaguse, yamebeba vumbi la chuma. Ya cherehani yanaingia vizuri ila ni mepesi, hayakai. Subiri dakika kumi, halafu futa nje kana kwamba unataka kuyaondoa yote. Yanayofanya kazi yako ndani ya pini.

Na pima. Rula ya chuma, weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu vipingili 24. Cheni mpya inasoma milimita 304.8. Ikifika 306.4, kwa cheni ya gia 10 au 11, ibadilishe siku hiyohiyo, maana ukichelewa inakula meno ya nyuma, na seti ya meno ni ghali kuliko cheni na huku kwetu inaagizwa Dar.

Phoenix ya yule mtoto haihitaji rula. Inahitaji matone tu, na spoku. Aliponipita niliona nyuma pengo la spoku mbili zinazofuatana. Spoku kwa kawaida hukatikia kwenye kona, pale inapoingia habu, kitovu cha tairi, kwa sababu kila tairi likizunguka inalegea na kukaza, na chuma kikikunjwa hivyo mara elfu na elfu kinachoka. Zikipungua mbili, za jirani zinabeba zamu yao na zenyewe zinaanza kulegea. Rimu inakwenda upande, breki inagusa sehemu moja tu, halafu siku moja kwenye mteremko wa kuingia Mikindani, na kilo 20 nyuma, na upepo mgongoni... Nikaacha cheni nikakaa.

Ajabu ni kwamba hasira iliisha papo hapo. Nimeweka kichupa cha mafuta na ufunguo wa spoku kwenye kipochi chini ya siti. Spoku zenyewe siwezi kukisia urefu. Hiyo ni mpaka apime fundi wangu wa sokoni. Jumamosi napita saa ileile. Akiniuliza tena nitamwambia simama kwanza, na atasimama tu, maana mtoto anayeamkia mtu huku anapanda kilima na dumu ana adabu. Hilo ndilo nililolikosa siku zote hizi nikirudia yale maneno: alianza na shikamoo.

Ratiba ya Jumamosi kwa anayetaka kuungana: saa tatu tu za kukanyaga, njia ya Mnivata ikiwa kusi imeamka mapema, Mikindani na mbele ikiwa imetulia. Ndizi mbili mbivu kwa kila saa, kama gramu 50 za wanga, anza kula kabla njaa haijauma. Chupa ya mililita 750: vijiko vitatu vya chakula vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, ndimu. Dafu ni zuri ila lina chumvi kidogo, usilitegemee peke yake. Tairi za upana wa milimita 28 kwa mtu wa kilo 75, upepo wa psi 70 mbele na 75 nyuma. Mwenye valvu nyembamba aje na kiunganishi chake, pampu za mtaani hazishiki.

Mama kapiga simu mara mbili mchana nikiwa kikaoni. Nimempigia, haipokelewi. Shemeji wa Newala naye hapatikani, na mashine ya kupulizia iko kwake. Kesho inatimia siku ya 14 tangu mikorosho ya mama ipulizwe, ni zamu ya kurudia, maua yameshafunguka, na mpaka saa hizi sijui kama mashine imeondoka Newala.