Taa, kaunta na panga: nilivyotoa ushahidi Moshi

Duka langu liko Kiboriloni, nje kidogo ya mji wa Moshi. Nauza mchele, sukari na vocha, na pembeni nina uwakala wa kuweka na kutoa pesa. Walikuja wawili, saa mbili kasoro usiku, mimi nikifunga hesabu na binti anayenisaidia akifagia. Mmoja alimkaba binti kwa nyuma, akamwekea panga shingoni. Mwenzake akaniambia, "Mama, toa zote." Nikatoa laki nne na elfu sitini, na simu mbili za kazi.

Huyu aliyesema nami nilimjua. Ni wa bodaboda, alikuwa akija kuweka pesa karibu kila wiki, ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Wa panga sikuwahi kumwona.

Jirani mwenye kibanda cha genge alipokuja mbio nilimwambia palepale ni nani, na polisi nikawatajia usiku uleule, pamoja na lile kovu. Nilisema kwa hasira tu. Baadaye ndipo nikaelezwa kwamba tangu kesi ya Marwa Wangiti Mwita, Mahakama ya Rufani hulipa uzito mkubwa jambo hilo: shahidi aliyemtaja mtu mapema anaaminika kuliko anayekaa kimya bila sababu, kisha akumbuke.

Polisi walimpa binti PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, aende hospitali. Mimi niliona usumbufu, maana hakukatwa, alikuwa na mchubuko tu. Lakini karatasi ile ilikuja kusomwa mahakamani.

Siku ya kuandaliwa kutoa ushahidi, wakili wa Serikali, kijana wa rika la mwanangu wa kwanza, aliuliza nilimwonaje mshtakiwa. Nikajibu, "Nilimwona vizuri." Akaweka kalamu chini. "Mama yangu, hiyo 'vizuri' wataiangusha." Akanieleza kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani, ya mwaka 1980, kwamba usiku mahakama inataka kujua ulimtazama kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama ulikuwa unamfahamu kabla. Hata mkweli huweza kufananisha.

Nilirudi dukani nikachukua tepu ya fundi. Kaunta ina upana wa sentimita 60. Taa ni enajisava ya wati 20, inaning'inia juu yake. Na muda? Saa sikuangalia, nani angeangalia? Ila alizihesabu zile hela mbele yangu, noti za elfu kumi na za elfu mbili, bila kofia, mimi nikimtazama.

Kilichonishangaza zaidi ni hati ya mashtaka. Iliandikwa kwamba aliyetishiwa kwa panga ni mimi. Wakili aliposoma maelezo ya binti aliishtukia, ikarekebishwa, washtakiwa wakasomewa upya kabla sijapanda kizimbani. Niliona ni mambo ya karani, kumbe kesi za namna hii zimewahi kufa kwenye rufaa kwa kutokutaja nguvu au tishio lilielekezwa kwa nani. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake ni miaka isiyopungua 30, kwa hiyo sishangai wanavyochambua.

Wakili wa utetezi alinibana hapohapo. "Hela si ulizitoa kwa mkono wako?" Nikasema ndiyo, nilizitoa panga likiwa shingoni kwa binti. Akauliza kama umeme wa Kiboriloni haukatiki. Watu wakacheka, hata mimi. Nikajibu hukatika, ila usiku ule ulikuwepo, na mashine ya barafu ilikuwa inanguruma.

Huyo wa pili ndiye aliyenigombanisha na ndugu zangu. Kwenye gwaride la utambulisho, pale polisi wanapopanga watu mstari ili umwonyeshe mhusika, nilipitisha macho juu ya wanaume tisa, nikasema sina hakika. Binti naye alikabwa kwa nyuma, uso hakuuona. Mahakamani jamaa alikuwa amekaa palepale kizimbani, kumwonyesha kidole ilikuwa rahisi kabisa. Shemeji yangu alinikanyaga mguu kwenye korido: "Si yuko pale, mama?" Yuko pale kwa sababu polisi wamemweka pale, mimi sikumjua.

Wa bodaboda alifungwa miaka 30. Wa pili, aliyekuwa ametajwa na mwenzake tu, aliachiwa. Binti akisikia pikipiki inazima injini mbele ya duka bado huingia stoo, na mimi nimefunga taa nyingine, ya nje.