Tiba ya sumaku kwa sonona sugu: kazi huanzia kwenye kidole gumba

Sonona huitwa sugu pale dawa mbili tofauti, kila moja kwa dozi kamili na muda wa kutosha, zinaposhindwa kuleta nafuu. Hapo ndipo tiba ya sumaku, iliyoruhusiwa Marekani tangu 2008, inapofaa kufikiriwa. Mgonjwa hukaa kitini akiwa macho, bila nusukaputi, masikio yamezibwa kwa sababu koili, yaani waya uliosokotwa unaowekwa kichwani kupeleka mapigo ya sumaku kwenye ubongo, hugonga kwa kelele.

Siku ya kwanza haitaki haraka. Koili huwekwa juu ya sehemu ya ubongo inayoendesha mkono wa kulia, nguvu inapandishwa polepole hadi kidole gumba kishtuke. Nguvu ndogo kabisa inayokishtua mara 5 katika mapigo 10 ndiyo kizingiti cha mgonjwa, na kwa kawaida hutibiwa kwa asilimia 120 yake. Mkono lazima ulegee kabisa. Ukikazwa, kizingiti husomeka chini kuliko kilivyo, na mgonjwa hupewa dozi pungufu bila mtu kujua.

Kisha koili huhamishiwa mbele, upande wa kushoto. Kusogeza sentimita 5 tu kwa mazoea ni kosa: vichwa havilingani, na kwa mwenye kichwa kikubwa koili huishia nyuma mno. Pimeni kichwa chenyewe, kutoka pua hadi kisogo, sikio hadi sikio, na mzunguko wake. Angalieni pia koili isiinuke ukingoni, maana nguvu ya sumaku hupungua upesi sana kadiri inavyokuwa mbali na ngozi.

Utaratibu wa zamani ni mapigo 10 kwa sekunde, sekunde 4 kazi na 26 mapumziko, hadi mapigo 3,000: dakika 37 na nusu. Ule mfupi wa mapigo 600 huchukua dakika 3 hivi, na utafiti wa Kanada wa 2018 ulionyesha hauzidiwi na ule wa zamani. Ni siku 5 kwa wiki, wiki 4 hadi 6. Wengi hukata tamaa wiki ya pili, mapema mno!

Degedege ni nadra, lakini kukesha, kuacha pombe ghafla au kubadilisha dawa huongeza hatari, kwa hiyo mgonjwa aulizwe kila siku. Mwenye chuma kichwani karibu na koili, au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, asitibiwe hivi.

Na aliyeacha kula, au anayetaka kujiua, asingojeshwe wiki sita. Tiba ya umeme, inayoamsha degedege kwa makusudi chini ya nusukaputi, ina nguvu zaidi na huwahi kuleta nafuu.